Bibi wa Watu Kyoto

Kwa kuwa yule jamaa niliyemnong'oneza jana ameshaitupia grupu kwamba "nimemtukana bibi wa watu", acheni nieleze mwenyewe kabla habari haijafika Tanga kwa mama.

Sikutukana. Nilitaka kusema bibi anasikia baridi. Basi!

Nyumba za zamani za Kyoto, huku Japani, mwezi huu wa Januari ni jamvi tupu, upepo unapita. Joto lote liko chini ya kotatsu, ile meza fupi yenye hita kwa chini na blanketi pembeni. Familia nzima tumeingiza miguu humo, migongo inaganda. Bibi kanimenyea chenza, ananipa mkononi. Vidole vyake barafu! Huruma ikanishika, na Kijapani changu nacho kikaona nafasi.

Sasa sisi baridi yetu ni moja tu: ya soda, ya Njombe, ya maiti. Wenzetu wamezigawa. Samui ni ya hewa, ile unayoisikia mwilini. Tsumetai ni ya kitu unachokigusa. Nikapiga hesabu: bibi nimemgusa? Nimemgusa. Basi ni tsumetai. (Mwalimu kama unasoma, pita tu.)

Nikainamisha kichwa kwa adabu, nikatamka polepole hata silabi moja isipotee: "Obaasan wa tsumetai desu ne."

Vijiti vya baba mwenye nyumba vikaishia njiani, kipande cha tofu kinaning'inia. Kikateleza. Chubwi, ndani ya mchuzi. Hakuna aliyekitazama. Kumbe tsumetai ukimwambia mtu, si ya ngozi tena, ni ya roho! Nimemwambia bibi wa watu, chenza lake likiwa bado mkononi mwangu, kwamba hana utu. Na ile "ne" ya mwisho, jamani, ni ya kuwaomba waliopo wakuunge mkono.

Bibi wala hakunitazama mimi. Akamgeukia mkwewe, taratibuuu. Mkwe kajifunika uso kwa leso, mabega yanacheza.

Nikaonyesha vidole, nikajikumbatia, nikatetemeka, wakaelewa, bibi akacheka mpaka machozi, yakaisha. Nikaona nichangamshe meza kwa mzaha wa kwetu. Mjukuu akanikodolea macho: "Samui!"

Mimi huyo, nimeshainuka kuongeza hita. (Mzaha usiochekesha nao wanauita samui. Mlioko huku siku zote, mlikuwa mnasubiri nini kuniambia?)