Vioja vya Mtandaoni na Nusu Inayoachwa Njiani

Kila baada ya miezi michache hurudi mtandaoni kisa cha Australia kupigana vita na ndege na kushindwa. Huja na picha ya emu, yule jamaa yake mbuni, akiwa amenyoosha shingo, pamoja na mistari miwili ya maandishi na emoji zinazocheka mpaka machozi. Anayekisambaza huongeza "duniani kuna mambo", wanaokipokea hucheka, kisha kundi huendelea na salamu za asubuhi na michango ya harusi. Mimi ni mpenzi mkubwa wa habari za aina hii na sioni haya kulisema hilo. Ninacholalamikia ni kwamba tunapokezana vioja vikiwa nusu, na nusu inayoachwa njiani aghalabu ndiyo yenye utamu.

Kisa cha emu ni cha kweli, ingawa hakuna tangazo rasmi la vita lililowahi kutolewa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Australia iliwagawia ardhi askari wake waliorejea, na wengi wao wakawa wakulima wa ngano katika jimbo la Australia Magharibi, mara nyingi kwenye maeneo ambayo mkulima mwenye hiari asingeyachagua. Uchumi wa dunia ulipodorora, serikali iliwahimiza waongeze kilimo cha ngano na kuwaahidi ruzuku. Bei ikaporomoka, na ruzuku ikawa ya njoo kesho. Mwaka 1932, wakati wakulima hao wakitishia kutopeleka ngano yao sokoni, walitokea emu wapatao 20,000 waliokuwa wakihama kutoka bara kuelekea pwani, kama ilivyo desturi yao baada ya majira ya kuzaliana. Ndege hao walikuta mashamba yaliyokwisha kufyekwa na maji yaliyowekwa kwa ajili ya mifugo, wakaona hawana sababu ya kuendelea na safari.

Wakulima wale walikuwa wanajeshi wa zamani, ndiyo maana hata ombi lao lilikuwa la kijeshi: walimwendea Waziri wa Ulinzi, Sir George Pearce, wakaomba bunduki za rashasha. Waziri alikubali kwa masharti kwamba watakaofyatua wawe askari, na wakulima wenyewe wawalishe, wawalaze na walipie risasi. Mwanzoni mwa Novemba akafika Meja Meredith wa kikosi cha mizinga, akiwa na askari wawili, bunduki mbili aina ya Lewis na risasi 10,000. Siku ya tatu walijificha karibu na bwawa, wakaona emu wapatao elfu moja wakija upande wao, wakasubiri mpaka wakakaribia kabisa. Bunduki ikakwama baada ya ndege 12 tu kuanguka, na waliobaki wakatawanyika kila upande. Baadaye bunduki ilifungwa juu ya lori, lakini lori halikuweza kuwafikia ndege hao, na ardhi ililirusharusha kiasi kwamba mpigaji hakupata hata nafasi ya kulenga. Kikosi kiliondolewa, kikarudishwa, kikaondolewa tena mwezi Desemba, naye Meredith akaripoti kuwa wameua emu 986 kwa risasi 9,860. Hiyo ni risasi kumi kamili kwa kila ndege, hesabu ambayo naiona imenyooka kupita kiasi.

Watani huishia hapo na kuwapa emu ushindi. Kisa chenyewe hakikuishia hapo. Wakulima waliomba askari tena katika miaka iliyofuata, serikali ikakataa, ikategemea mpango wa kumlipa mkulima kwa kila emu aliyemuua mwenyewe, na katika miezi sita tu ya mwaka 1934 yalilipwa madai 57,034. Kazi ambayo jeshi lilishindwa kuifanya kwa rashasha ilifanywa na watu waliokuwa na njaa ya fedha, kila mmoja na bunduki yake shambani mwake. Kwa hiyo ndege hawakushinda, na aliyeshindwa zaidi hakuwa jeshi. Alikuwa mkulima aliyepewa ardhi mbaya na ahadi isiyotimizwa, kisha akatumiwa askari watatu na kutakiwa kuwagharamia. Anayesambaza kisa hiki kwa mistari miwili amemwondoa mtu huyo, na bila yeye kinabaki kichekesho cha ndege wenye mbio.

Mfano mwingine ni picha ya faru anayening'inia miguu juu kichwa chini kwenye kamba ya helikopta, ambayo ilizagaa sana mwaka 2021. Wengi walidhani ni ukatili, wengine walidhani ni picha ya kutengenezwa. Ilisambaa kwa sababu utafiti juu ya jambo hilo ulipewa tuzo ya Ig Nobel, tuzo za mzaha zilizoanzishwa mwaka 1991 na Marc Abrahams kwa ajili ya kazi za kisayansi zinazomfanya mtu acheke kwanza, kisha afikiri. (Kwa miaka kadhaa washindi walikuwa wakikabidhiwa noti ya dola trilioni kumi za Zimbabwe, nchi ambayo aliyekuwa gavana wa benki kuu yake, Gideon Gono, alipewa tuzo ya hisabati mwaka 2009 kwa kuwazoesha wananchi kuhesabu kuanzia senti moja hadi dola trilioni mia moja. Mzaha huo sisi majirani wa Zimbabwe hatuucheki kwa sauti kubwa.)

Ukweli kuhusu faru ni huu. Namibia huhamisha faru weusi ili kuwaepusha na majangili na kuchanganya damu za makundi yaliyo mbalimbali, na baadhi ya maeneo hayo ya milimani hayana barabara ya kupitisha lori. Kwa muda wa miaka kama kumi wanyama hao walikuwa wakidungwa dawa ya kuwalegeza, wakafungwa miguu na kubebwa hewani, lakini hakuna aliyekuwa amepima kama mkao huo unawadhuru. Dawa yenyewe hupunguza upumuaji, na mnyama mwenye uzito wa takriban tani moja akikosa hewa hakuna wa kumwinua. Timu ya Robin Radcliffe wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wataalamu wa Namibia, ikawaning'iniza faru 12 kwenye winchi, ikawalaza ubavu, ikalinganisha upumuaji na damu yao. Ilibainika kwamba faru aliyening'inia kichwa chini hana hali mbaya kuliko aliyelala ubavu. Kwa kweli alikuwa na nafuu kidogo. Hilo ni jibu ambalo daktari wa wanyamapori analihitaji kabla helikopta haijapaa.

Mwanafizikia Andre Geim alipewa Ig Nobel mwaka 2000, yeye na Michael Berry, kwa kumfanya chura aelee hewani kwa nguvu ya sumaku. Miaka kumi baadaye alipewa Nobel yenyewe ya fizikia, pamoja na Konstantin Novoselov, kwa kazi yao juu ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu. Sitalirefusha hilo.

Kuna kisa cha aina hii ambacho ni chetu, nacho kimekatwa kuliko vyote. Kila mara huzunguka bango lenye bendera ya Tanzania na picha ya Erasto Mpemba, likisema kuwa mwanafunzi huyu aligundua kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi. Mwaka 1963, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ya kugombania. Mpemba alipoona mwenzake anawahi nafasi kwa kuweka maziwa yasiyochemshwa, naye akaingiza yake yakiwa bado ya moto, na yake yakaganda kwanza. Mwalimu alimwambia amekosea. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alipolirudia swali hilo aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote, na darasa likapata jina la kumtania kila alipokosea hesabu.

Kisha Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaitembelea shule hiyo, na Mpemba akamuuliza swali lile lile mbele ya wenzake, ambao waliangua kicheko. Osborne hakulielewa jambo hilo, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta majibu kwamba kweli maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Naipenda sana sehemu hiyo, nami sijawahi kuiona kwenye bango lolote. Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ikachapishwa katika jarida la ufundishaji wa fizikia nchini Uingereza, wakati Mpemba akisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi.

Bango pia halisemi kwamba wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora zaidi ya jambo hilo, yakafika majibu 22,000 na ubishi haukwisha. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu wakahitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuleta majibu yanayopotosha. Wako wanaoona kulisema hili ni kumvunjia heshima Mpemba. Mimi naona kinyume chake: kijana wa sekondari aliyeuliza swali ambalo limewaweka watu maabarani kwa zaidi ya nusu karne hahitaji kulindwa na bendera.

Nakubali kwamba tahadhari ni ngumu, kwa kuwa hata kisa chenye mahali na tarehe kinaweza kuwa uongo mtupu. Tarehe 1 Aprili 1957 BBC iliwaonyesha watazamaji wake familia ya Uswisi ikichuma tambi kwenye miti, kwa sauti ya mtangazaji aliyeheshimika, Richard Dimbleby, na wapo waliopiga simu kuuliza namna ya kuupanda mti huo. Hapo tarehe yenyewe, Siku ya Wajinga, ndiyo iliyokuwa jibu.

Ila kwa vioja vya kwetu hatuna kisingizio. Magawa, panya buku aliyefunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini nchini Kambodia, na habari yake ilitufikia kupitia vyombo vya ng'ambo. Wale waliomwona akiwa na medali shingoni hawakuelezwa kwamba panya huyo alikuwa akinusa baruti yenyewe, kwa hiyo hakupoteza muda na misumari na makopo yanayokihangaisha kifaa cha kutambua chuma, wala kwamba uzito wake wa kilo moja na kitu haukutosha kulipua bomu. Morogoro ina waandishi. Nauli ya daladala mpaka chuoni ni ndogo kuliko kifurushi cha intaneti kinachotumika kunakili habari hiyo kutoka London, na wakufunzi wa panya hao ni watu wanaoongea Kiswahili.