Daktari wa Mapafu Hasomwi kwa Fremu za Ukutani Pekee

Ukipita barabara kubwa za Dar es Salaam, hasa zile ambazo maduka ya dawa yamefuatana kama shanga, utakutana na vibao vya kliniki vyenye jina la daktari, herufi za shahada zake, orodha ya hospitali anazofanyia au alizowahi kufanyia kazi, na chini kabisa maneno "bingwa wa mapafu na kifua". Wengi wetu husoma jina na herufi, tukaridhika, tukaingia. Kwa maoni yangu, sehemu yenye uzito zaidi katika kibao cha namna hiyo ni orodha ya hospitali, nayo ndiyo inayoandikwa kwa uzembe kuliko zote.

Herufi zina maana yake, wala sizibezi. Mwanafunzi wa udaktari nchini Tanzania husoma miaka 5, kisha hufanya mazoezi ya kazi kwa mwaka 1 chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kuwa daktari kamili. Akitaka ubingwa wa magonjwa ya ndani hurudi chuoni, iwe Muhimbili, Moshi, Mwanza au Dodoma, kwa miaka mingine 3, na hapo ndipo anapoitwa daktari bingwa. Mapafu ni tawi lililo juu ya ngazi hiyo. Anayeendelea kulisomea tawi hilo peke yake ndiye anayehesabiwa kuwa bingwa bobezi, na kwa muda mrefu madaktari wa ukanda wetu wamelazimika kuifuata elimu hiyo mbali, India au Afrika Kusini, na karibu kidogo Addis Ababa, ambako mafunzo ya ubobezi wa mapafu na huduma za wagonjwa mahututi yalianzishwa mwaka 2013 katika Hospitali ya Tikur Anbessa.

Hapo kuna mtego ambao mgonjwa wa kawaida hawezi kuujua asipoambiwa. Kwetu MD ni shahada ya kwanza, ile ya miaka 5. India shahada ya kwanza ya udaktari ni MBBS, na MD ni shahada ya ubingwa inayosomwa baadaye kwa miaka 3. Daktari wa huko anaweza kuwa na MD ya magonjwa ya mfumo wa upumuaji bila kupitia kwanza ubingwa wa magonjwa ya ndani. Kwa hiyo vibao viwili vyenye herufi zilezile mbili vinaweza kuwa vinamzungumzia daktari aliyemaliza chuo juzi na mtu aliyekwisha kuwa bingwa wa kifua kwa muongo mzima. Zaidi ya hapo, maneno "bingwa wa mapafu" hutumiwa na bingwa bobezi, na bingwa wa magonjwa ya ndani anayependelea wagonjwa wa kifua, na hata daktari wa kawaida aliyekaa sana na wagonjwa wa kifua kikuu. Si lazima yeyote kati yao awe mwongo. Ni kwamba kibao hakisemi ni yupi kati ya hao watatu.

Na huyo wa tatu asidharauliwe. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ilianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, ikapitia vizazi vya madaktari na wauguzi waliojifunza mapafu kwa kuyasikiliza wodini. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, ambao daktari Karel Styblo aliushughulikia kwa karibu, ulitoa utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anywe dawa zake, na ni utaratibu huo Shirika la Afya Duniani lilioujengea mkakati wake wa dunia nzima katika miaka ya 1990. Ujuzi wa namna hiyo haukai kwenye fremu. Unakaa kwenye hospitali na kwa watu waliofanya kazi humo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kunifanya niipe orodha ya hospitali uzito ninaoupa.

Usajili wenyewe una mwenyewe. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2017. Kenya ni baraza ambalo hadi mwaka 2019 liliitwa bodi, na ambalo humruhusu mwananchi kulitafuta jina la daktari mtandaoni na kuona kama leseni yake ya mwaka ipo hai. Hatua hii ni ya dakika chache, nayo haina mjadala: daktari ambaye jina lake halimo kwenye daftari hakufai, hata awe mpole namna gani. Lakini leseni inakuambia kwamba huyu ni daktari na anaruhusiwa kufanya kazi. Haikuambii kama leo saa mbili usiku, mgonjwa wako akianza kukohoa damu, daktari huyo ana kitanda cha kumlaza.

Mapafu hayafanani na ngozi wala macho, ambako daktari mzuri mwenye chumba kimoja na vifaa vichache anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi yake. Daktari wa mapafu bila hospitali nyuma yake ni nusu ya daktari. Anahitaji picha ya kifua na kipimo cha CT na mtu wa kuzisoma. Akitaka kuingiza kwenye njia ya hewa ule mpira mwembamba wenye kamera, anahitaji oksijeni, muuguzi anayeangalia mapigo na pumzi muda wote, maabara inayojua kupokea kipande cha nyama kilichokatwa, na chumba cha wagonjwa mahututi kama damu itakataa kukoma. Ikigundulika ni saratani, mgonjwa atapitia kwa daktari wa upasuaji wa kifua au ataelekezwa Ocean Road, taasisi ya saratani, kwa mionzi. Mnyororo wote huo ndio "hospitali anazofungamana nazo", na pete moja ikikosekana, ubingwa unabaki kuwa ushauri wa maneno.

Nilielewa jambo hili kwa njia ya mjomba wangu, fundi seremala wa Keko, ambaye kwa miaka alikuwa akipewa vidonge vya pumu kila alipopanda ngazi akakosa pumzi. Kliniki ya kwanza tuliyompeleka, ambayo sitaitaja, ilikuwa na vyeti vinne ukutani na majina ya hospitali tatu kubwa kwenye kibao. Nilimuuliza dada wa mapokezi daktari anapatikana lini. "Anakuja Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, akitoka hospitali." Nikauliza hospitali ipi kati ya zile tatu. Akacheka kidogo, akasema moja alishaacha siku nyingi, nyingine huwa wanamwita wakimhitaji. "Na mjomba akizidiwa usiku, tumpeleke wapi ambako daktari atamfuata?" "Usiku mtampeleka popote palipo karibu, kaka." Lilikuwa jibu la kweli, na namshukuru kwa kutonidanganya, lakini kibao cha nje kilikuwa kimeniahidi jambo jingine kabisa.

Mahali pa pili hapakuwa na fremu hata moja. Palikuwa na mtaalamu mmoja kijana ambaye, kabla hajamgusa mjomba, alichukua bomba kubwa la ujazo wa lita 3, akalichomeka kwenye mashine ya kupimia pumzi, akasukuma hewa ndani yake mara kadhaa huku akiangalia kioo, na kuandika tarakimu kwenye daftari. Alikuwa akihakikisha kwamba mashine ikiambiwa lita 3 inasoma lita 3. Baadaye ndipo mjomba akaambiwa avute pumzi yote, aume kile kipande cha mdomoni, apulize kwa nguvu na aendelee kupuliza, "endelea, endelea, bado, bado", hadi macho yakamtoka. Akarudia hadi mipulizo mitatu ikafanana. Akapewa dawa ya kuvuta, akakaa robo saa, akaanza upya. Daktari alipokuja alisoma karatasi ile kabla ya kuuliza lolote, kisha akauliza kuhusu vumbi la mninga. Kama ningetakiwa kuchagua sifa moja ya kuandikwa kwenye kibao cha daktari wa mapafu, ningeandika kwamba mashine yake ya kupimia pumzi hupimwa yenyewe kila siku kabla ya wagonjwa. Najua hakuna atakayeandika hivyo.

Sasa, hilo neno "hospitali" kwenye kibao linaweza kubeba mahusiano mengi yasiyofanana. Kuna mwajiriwa wa kudumu. Kuna mwenye mkataba wa saa chache kwa wiki. Kuna mstaafu anayeitwa kwa heshima yake, mhadhiri wa chuo anayepita wodini na wanafunzi, mgeni aliyekuja na kambi ya wiki moja na usajili wa muda. Historia yetu imechangia mchanganyiko huu: mwaka 1977 hospitali za binafsi za biashara zilipigwa marufuku Tanzania, na ziliporuhusiwa tena mwaka 1991, mabingwa wachache waliokuwapo walikuwa tayari ni watumishi wa serikali, hivyo asubuhi wakabaki kwenye hospitali za umma na jioni wakaenda kwenye kliniki. Simlaumu daktari kwa hilo. Bila mpango huo wagonjwa wengi wasingemwona bingwa kabisa. Ninachodai ni kwamba aina ya uhusiano iandikwe. Nairobi na Mombasa wagonjwa wa hospitali za binafsi wamezoea kuuliza kama daktari ana haki ya kulaza wagonjwa katika hospitali fulani, na wahudumu hujibu bila kuona haya. Swali hilohilo ukiliuliza kwetu unaweza kuonekana mtu wa shari.

Wapo ndugu zetu walioko Marekani ambao hudhani kwamba huko mambo yamenyooka kwa kuwa kila daktari ana ukurasa unaotaja mafunzo yake na hospitali zake. Ni kweli kwamba huko bodi ya mabingwa wa magonjwa ya ndani imekuwa ikitahini fani ya kifua tangu mwaka 1941, na kwamba waliothibitishwa kuanzia mwaka 1990 cheti chao kilikuwa na kikomo cha muda badala ya kudumu maisha yote. Hata hivyo, orodha ya hospitali kwenye kurasa hizo mara nyingi ina maana tu kwamba daktari amepewa kibali cha kuhudumia wagonjwa pale, si kwamba ndipo anaposhinda. Kwa hiyo hata msomaji wa huko ana wajibu wa kuuliza.

Kuna kipimo kingine cha mafungamano ya daktari na mfumo, nacho ni namna anavyoshughulika na kifua kikuu. Dawa za ugonjwa huo hutolewa bure Tanzania, tiba ya kawaida huchukua miezi 6, na kila mgonjwa anapaswa kuingia kwenye daftari linalofuatiliwa na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Daktari wa mapafu aliyekomaa akishuku kifua kikuu atataka makohozi yapimwe, na majibu yakithibitisha, atakuelekeza kwenye kituo cha karibu na nyumbani ukachukue dawa huko, ingawa kwa kufanya hivyo anapoteza ada ya marudio yako. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu naye ana njia yake, iliyoanzia Kibong'oto mwaka 2009 na kutawanyika mikoani baadaye. Kliniki inayokuanzishia matibabu ya kifua kwa kubahatisha, kila wiki sindano nyingine na dawa nyingine ya kikohozi, bila makohozi kupelekwa popote, haijafungamana na hospitali yoyote hata kama kibao kimetaja kumi.

Madaktari niliozungumza nao wana pingamizi moja la haki: maadili ya taaluma yao yanawakataza kujitangaza, na wanaogopa kwamba kuweka maelezo marefu mlangoni kutaonekana biashara. Naliheshimu pingamizi hilo, ila naona limegeuzwa. Tangazo ni yale majina ya hospitali tatu yaliyopangwa bila tarehe wala maelezo. Karatasi moja ya kawaida mapokezini, yenye namba ya usajili, fani iliyosajiliwa na Baraza, mwaka wa leseni, hospitali anakoweza kulaza wagonjwa na siku anazokuwapo huko, haimsifu mtu yeyote. Hospitali nazo zina sehemu yao, kwa maana zipo zinazoendelea kulitumia jina la profesa aliyeondoka zamani kwa sababu jina lake linaleta wagonjwa, na sioni Baraza likiwauliza wenye hospitali swali hilo kwa ukali linaoutumia kumuuliza daktari mmoja mmoja.

Yote haya ni ya mtu wa mjini mwenye uwezo wa kuchagua. Mgonjwa wa Rukwa au Lindi hana orodha ya mabingwa wa mapafu ya kulinganisha. Ana bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya mkoa, tena akibahatika. Kwa mgonjwa huyo, sifa inayohitajika ni kwamba daktari wake amjue mtu huko anakompeleka. Barua ya rufaa iliyoandikwa "Muhimbili" peke yake humfikisha mtu getini alfajiri, baada ya safari ya basi ya usiku kucha, bila kujua aende jengo gani wala kama siku hiyo ni ya kliniki ya kifua. Barua iliyotaja kliniki, siku yake, jina la daktari aliyepigiwa simu kabla, na kuambatanishwa picha ya kifua halisi badala ya maelezo yake, humwokolea mgonjwa wiki nzima ya kulala kwa ndugu Mbagala akisubiri.