Kutumia homoni si kufunga kizazi

Mwanamke wa miaka 33 aliyekaa miezi mitano bila kuona siku zake, na vipimo vikaonyesha kuwa ovari zake zimechoka mapema, hutoka kwa daktari akiwa na cheti cha dawa mkononi: homoni mbadala, yaani estrojeni na projesteroni za kufidia ambazo ovari zimepunguza kutoa, azitumie mpaka afikie umri ambao wanawake wengi hukoma hedhi, yaani miaka 50 hivi. Hutoka pia na swali ambalo mara nyingi hakuliuliza mle ndani. Nikianza dawa hizi, si ndiyo nimekubali kwamba sizai tena?

Wengi hujijibu wenyewe, kwa kuziacha dawa kabatini. Wanasema watazianza wakishapata mtoto, au wakishakata tamaa, kutegemea lipi litatangulia. Si uamuzi wa kijinga. Una hoja zake, na baadhi ni nzito kuliko madaktari wenye haraka wanavyokiri. Ila naona zimeelekezwa kwa dawa isiyo yenyewe.

Ovari kuchoka kabla ya miaka 40 si kitu kimoja na kukoma hedhi kwa kawaida. Zamani ilisemwa kuwa hali hii humpata mwanamke 1 katika kila 100. Makadirio ya karibuni yamepanda hadi asilimia 3.5 hivi. Ovari yenye hali hii haizimiki siku moja. Inaweza kulala miezi minane, ikazinduka, ikapevusha yai, kisha ikalala tena bila kumuaga mtu. Ndiyo maana takriban asilimia 5 hadi 10 ya wanawake hawa hushika mimba wenyewe, bila maabara wala upandikizaji.

Takwimu hii husomwa vibaya kutoka kila upande. Mwenye matumaini huiona kama nafasi ya kila mwezi, ilhali ni ya miaka. Aliyevunjika moyo huona ile 90 iliyobaki tu. Kosa ninalotaka kukaa nalo ni la tatu: kudhani kuwa asilimia hizo 5 hadi 10 ni za wale waliokataa homoni, na kwamba anayezianza anajitoa katika hesabu. Sivyo. Miongoni mwa mimba zilizoripotiwa na watafiti, zimo za wanawake waliozipata wakiwa katikati ya matumizi ya homoni mbadala. Zaidi ya hapo, mwenye hali hii ambaye hataki kuzaa huelekezwa kitaalamu atumie kinga nyingine, kwa kuwa homoni mbadala haitamkinga. Hata mwanamke wa umri mkubwa zaidi hushauriwa aendelee na kinga kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho ikiwa hajafika 50, au mwaka 1 akiwa ameshafika, na kutumia homoni mbadala hakumwondolei ushauri huo. Dawa ambayo mtu huonywa kwamba isimfanye ajione salama dhidi ya mimba ndiyo hiyo hiyo mwenzake anaikimbia kwa kuamini inazuia mimba.

Je, kuna kinachoiongeza asilimia hiyo? Mpaka sasa hakuna tiba iliyothibitishwa kurudisha uwezo wa ovari hizi. Yapo majaribio madogo na zipo dhana. Mojawapo inasema kwamba ubongo, kwa kuona estrojeni imepungua, hupaza sauti kwa kumwaga homoni za kuamsha ovari kupita kiasi, na kelele hiyo hiyo huvuruga vifuko vichache vya mayai vilivyobaki; kwa hiyo estrojeni ya dawa, kwa kuituliza kelele, huenda ikasaidia. Inavutia, lakini haijathibitishwa vya kutosha kumuahidi mtu. Kilicho wazi ni kwamba kukaa bila homoni hakuongezi chochote. Mwanamke anayevumilia joto la ghafla na usiku usio na usingizi kwa jina la kumsubiri mtoto analipia kitu ambacho hakiuzwi.

Hofu hii imetoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwenye boksi la dawa nyingine. Vidonge vya majira navyo vina homoni jamii ya estrojeni na jamii ya projesteroni, na majina yanafanana kiasi cha kumchanganya hata mtu makini. Wapo madaktari wanaomwandikia mgonjwa wa hali hii vidonge vya majira kama homoni mbadala. Kwa msichana asiyetaka mimba kwa sasa, hilo lina mantiki yake. Kwa anayetafuta mtoto ni kosa la wazi, maana kazi ya vidonge hivyo ni kulizuia yai.

Namba za kwenye boksi nazo zinapotosha. Kidonge cha majira huwa na mikrogramu 20 hadi 35 za ethinilestradioli, ambayo ni estrojeni bandia. Kidonge cha homoni mbadala huwa na miligramu 1 au 2 za estradioli, yaani mikrogramu 1,000 au 2,000. Kwa macho, hicho cha pili ndicho kikali. Mwilini ni kinyume: ethinilestradioli imetengenezwa isivunjwe upesi na ini, na nguvu yake kwenye tezi ya ubongo inayoamuru ovari ni kubwa mno ukilinganisha uzito kwa uzito. Estradioli ni ile ile ambayo ovari ingetoa yenyewe, na kiwango cha homoni mbadala kimelengwa kufidia kilichopotea. Kinaweza kuituliza kidogo FSH, homoni ya ubongo inayoamsha ovari, lakini hakitegemewi kuzuia yai lisipevuke.

Gharama ya kusubiri bila estrojeni ndiyo inayozungumzwa kidogo mno. Mifupa hupoteza uimara kwa kasi katika miaka ya mwanzo ya ukosefu huo, na mwenye miaka 30 ana miongo mingi ya kuitegemea mifupa hiyo. Kuhusu moyo, utafiti wa Mayo Clinic, Marekani, uliowafuatilia wanawake walioondolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45, ulionyesha vifo vya magonjwa ya moyo vikiongezeka, hasa kwa wasiopewa estrojeni. Kuondolewa ovari si sawa kabisa na ovari kuchoka, lakini upungufu wa homoni ni ule ule.

Halafu kuna lisilosemwa sana kwa aibu. Anayetafuta mimba kwa njia ya kawaida anahitaji tendo la ndoa, tena mara kwa mara, kwa kuwa hajui yai litatoka lini. Estrojeni ikipungua, uke hukauka na tendo huuma. Mwili unaouma hukwepa. Wiki ile moja ambayo ovari ingezinduka inaweza kupita wanandoa wamepeana migongo. Sijui kama kuna namna mbaya zaidi ya kuipoteza asilimia hiyo ndogo.

Mfuko wa uzazi nao haukai tu ukingoja. Bila estrojeni husinyaa na ukuta wake kuwa mwembamba. Hapa historia inasema kitu ambacho wapinzani wa homoni wangepaswa kukitazama. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walieleza katika jarida la Nature namna mwanamke ambaye ovari zake hazikufanya kazi alivyobeba mimba kwa yai la kuchangiwa na kupata mtoto. Walichompa kuuandaa mfuko wake wa uzazi, na kuilinda mimba mpaka kondo liweze kujitegemea, kilikuwa estrojeni na projesteroni. Mpaka leo upandikizaji wa mayai ya kuchangiwa kwa wanawake hawa hufuata mkondo huo. Dawa zinazoogopwa kwamba zitaifukuza mimba ni za jamii ile ile inayotumika kuikaribisha.

Hofu ya madhara kwa mtoto ina chanzo cha kweli, lakini si hiki. Kuanzia miaka ya 1940 wajawazito wengi walipewa diethilstilbestroli, estrojeni bandia iliyodhaniwa kuzuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 ilibainika kuwa baadhi ya mabinti waliozaliwa walipata saratani adimu ya uke. Hilo ni doa halisi katika historia ya tiba, na watu wana haki ya kulikumbuka. Lakini kemikali ile si estradioli. Vivyo hivyo utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu homoni mbadala, uliositishwa mwaka 2002 baada ya saratani ya matiti kuongezeka: ulihusu wanawake wa miaka 50 hadi 79, wastani wa miaka 63, na ongezeko lilikuwa wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Wale walikuwa wakiongezewa homoni ambazo umri ulikuwa umeshaziondoa. Mwanamke wa miaka 33 anarudishiwa ambazo wenzake wa rika lake bado wanazo.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi, nalo linahusu projesteroni. Anayetumia estrojeni akiwa na mfuko wa uzazi lazima atumie na projesteroni, la sivyo ukuta unanenepa hadi kuhatarisha saratani. Sasa projesteroni hupangwa kwa kalenda, siku 12 hadi 14 kila mwezi, na kalenda haijui ovari itazinduka lini. Ikianza siku chache kabla ya yai kutoka, ute wa mlango wa kizazi hukauka na ukuta hubadilika kabla ya wakati wake. Kwa nadharia, fursa ya mwezi huo inaweza kupotea. Siwezi kumwambia mtu kwamba hili halipo. Ninachoweza kusema ni kwamba linapunguzika: atumie projesteroni asilia badala ya aina bandia, atumie kwa mzunguko badala ya kila siku, na asiwekewe kitanzi chenye homoni, ambacho kweli ni kinga ya mimba hata kikiwa kimewekwa kwa ajili ya kulinda ukuta. Daktari ambaye hajaambiwa kuwa mgonjwa wake anataka mtoto anaweza kabisa kuchagua hicho kitanzi kwa nia njema.

Pingamizi la pili ni la damu. Homoni za mzunguko huleta damu kila mwezi, na mwanamke aliyeishi miezi bila kuiona huanza kuhisi kwamba mambo yamerudi. Hayajarudi; damu hiyo inaletwa na dawa. Anaweza kuahirisha mwaka baada ya mwaka mazungumzo kuhusu yai la kuchangiwa au kulea mtoto wa kuasili, akisindikizwa na ratiba isiyo yake. Hoja hii inaniuma kuliko ile ya projesteroni, kwa sababu hakuna aina ya kidonge inayoitatua. Kinachobaki ni mtu kuelezwa mapema maana ya damu ile, na kwamba mwezi ambao haikuja kama kawaida apime mimba, asibahatishe. Akikuta ipo, awasiliane na daktari wake kabla ya kuendelea au kuacha chochote.

Wapo pia wasiofaa kabisa kwa tiba hii, kama walioshawahi kuugua saratani ya matiti. Na kabla ya kuhangaika na homoni, chanzo cha ovari kuchoka kinafaa kutafutwa, kwa kuwa baadhi ya vyanzo vinamgusa mtoto anayetafutwa: mabadiliko katika jeni ya FMR1 yanaweza kurithiwa na kumletea ulemavu wa akili, na kwa mwenye hali ya Turner, yaani mwanamke aliyezaliwa na kromosomu X moja iliyokosekana au yenye kasoro, ujauzito wenyewe unaweza kupasua mshipa mkuu wa moyo. Haya yana uzito kuliko ubishi wote wa vidonge.

Niliyoyatetea hapa ni ya mwanamke mwenye miaka chini ya 40. Mwenye miaka 45, ambaye hedhi imeanza kurukaruka kwa sababu ya umri, anasimama mahali pengine. Mayai yake yamepungua idadi na ubora, na homoni mbadala zitamtuliza joto la usiku bila kuyagusa. Hazitamzuia kushika mimba, wala hazitamsogeza karibu nayo. Kwake yeye miezi sita ya kusubiri dawa zimkae sawa ni mingi mno, na mazungumzo ya kwanza na daktari yawe ya mayai. Ya homoni yafuate.