Prado Imepata Tena Pembe Zake

Mlango wa nyuma wa Toyota Prado ya baba ulifunguka kwa ubavu kama mlango wa nyumba, umebeba tairi la spea mgongoni. Tukisimama Babati kula, mama alitundika kanga ya mtoto kwenye lile tairi ikauke, chupa ya chai ikakaa ukingoni mwa buti. Ndiyo maana habari za gari hili siwezi kuzisoma kama za gari lolote.

Jina la Prado lilianza mwaka 1990, likapewa Land Cruiser nyepesi ya toleo la 70 iliyofungwa koili springi. Ya baba ilikuwa ile iliyotoka mwaka 1996, ambayo iliacha ekseli ya kipande kimoja mbele, kila tairi la mbele likawa linapanda na kushuka lenyewe. Sisi tuliokaa nyuma tulinufaika. Ikaja ya 2002, ikaja ya 2009, umbo likizidi kuviringika na ndani kukizidi kuwa sebule.

Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, lakini, haikuachwa. Nissan Pathfinder iliiacha mwaka 2012, Ford Explorer ilishatangulia mwaka 2010, na barabara ya lami ikawapa haki. Familia yenye shamba mwisho wa njia ya vumbi haikupata kitu hapo. Gari lenye chesisi fundi wa kijijini analielewa, na likichoka bodi, chini bado linadai safari.

Kwa hiyo Agosti 2023, Toyota walipoonyesha Prado mpya yenye umbo la pembepembe kama za zamani, nilifurahi kweli. Si kwa sura tu. Bampa la mbele limegawanywa, kona inabadilishwa peke yake, na taa zimesogezwa ndani na juu zisigongwe. Aliyewahi kununua bampa zima kwa kosa la kichuguu kimoja ananielewa. Urefu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma sasa ni milimita 2,850, sawa na Land Cruiser 300, kaka yake mkubwa.

Ila mlango wa nyuma sasa unafunguka kwenda juu, na spea imeshushwa uvunguni. Kivuli unatoa, nakubali. Lakini pancha ikikupata kwenye tope la masika, utainama topeni kulitoa tairi hilo, watoto wamesimama pembeni wanakungoja. Hapo Toyota wangeiacha kama ilivyokuwa.