Vikombe viwili vya klorini, kwa kipimo gani?

"Nuseni wenyewe, jamani, hapa dawa imekolea!" Mwenye nyumba anajisifu hivyo huku watoto waliokuja kwenye sherehe wanatoka bwawani macho mekundu, utadhani walikuwa jikoni wakimenya vitunguu.

Ndugu zangu wenye mabwawa ya Mbezi Beach, Mikocheni na Nyali, ile harufu inayopanda puani si ya usafi. Ni klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo ikageuka kloramini, na hiyo ndiyo inayowasha macho. Bwawa lililotunzwa halinuki kiasi hicho.

Nikamuuliza kijana wa bwawa anapimaje dawa. Akanionyesha chupa ya maji iliyokatwa shingo. "Viwili kila asubuhi, anko. Bosi ndivyo alivyosema."

Viwili vya nini? Unga wa kwenye ndoo huwa na klorini asilimia 65 hadi 70, wakati jiki ya dukani haifiki hata 6. Haya, tupige hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25, linabeba lita 50,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita kunataka unga wa asilimia 65 gramu kama 77 tu, na bwawa la nyumbani linatosheka na miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Sasa ile chupa ikijaa inachota gramu ngapi? Kijana hajui. Bosi ndiyo kabisa. Tena jana huenda dawa ilibaki, au kundi la watoto liliimaliza yote, usipopima utajuaje? Na pH nayo, yaani kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji: ikifika 8, ni kama robo tu ya klorini yako inayofanya kazi sawasawa, iliyobaki inaogelea na wageni. Halafu asubuhi! Jua la pwani linaila klorini mchana kutwa. Si utie jioni watu wakishatoka, pampu ikiwa inazunguka, kesho yake upime kabla mtu hajaingia?

Lakini kilichoniuma hasa ni yule kijana. Hana glavu wala miwani, na kwenye kibanda cha pampu ndoo ya klorini imeegemezwa kwenye dumu la asidi. Chupa ya kuchotea ni hiyo hiyo moja. Klorini na asidi vikikutana hutoa gesi ileile iliyoua askari kule Ypres, Ubelgiji, kwenye Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915, na hapa tunamfungia kijana wa watu nayo kwenye chumba kisicho na dirisha. Vidonge vya klorini navyo visichanganywe na unga, vinaweza kulipuka. Na maji yatangulie kwenye ndoo, unga ufuate, kamwe isiwe kinyume chake.

Nakubali, shingo upande, kwamba heri bwawa linalonuka kuliko lililoota ukijani. Ila mtu aliyemudu kuchimba shimo la lita 50,000 na kulipamba kwa vigae vya buluu asinililie kwamba vikaratasi vya kupimia ni ghali. Anunue, aongeze na glavu, kisha akae na kijana amwelekeze namna ya kuvisoma.

Wanangu hawaingii kwenye bwawa ambalo mwenyewe hajui leo limesoma ngapi. Mniite mnoko tu.