Punda Si Mkaidi, Anaumwa

Methali zetu zinazomtaja punda hazina huruma naye. Punda afe, mzigo ufike. Asante ya punda ni mateke. Anayebebeshwa kazi za wenzake amefanywa punda, anayesafirisha dawa za kulevya tumboni ni punda, na mtoto asiyeelewa hesabu huitwa punda mbele ya darasa zima. Tumeyasema haya tangu utotoni, tukayaandika kwenye insha na kupewa alama. Nashikilia kwamba maneno haya yalichangia kutuziba masikio miaka ile punda walipokuwa wakichinjwa kwa maelfu nchini Kenya ili ngozi zao zipelekwe Uchina.

Tuanze na sifa ambayo punda hakosi kupewa, ukaidi. Punda hatimui mbio upesi kama farasi. Akiogopa, au akifika mahali asipopaamini, husimama na kuganda mpaka ajue mbele kuna nini. Akiumia, huficha maumivu. Waganga wa mifugo wanajua kwamba punda akionekana wazi kuwa ni mgonjwa, mara nyingi ugonjwa umeshamfika mbali. Sasa mnyama wa tabia hii akisimama katikati ya barabara, anayemchunga akisema "amekaidi" atatafuta kiboko. Akisema "anaumwa" ataanza kufungua kamba.

Nililiona hili kwenye barabara ya vumbi huko Limuru. Mkokoteni ulikuwa na mitungi kumi ya maji, kila mmoja lita 20, yaani kilo 200 za maji peke yake, na punda alikuwa amegoma katikati ya kilima. Kijana aliyekuwa naye alikuwa anampiga matakoni, akirudia kwamba huyu ni mkaidi. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipita na kuni akasimama, akainua ule mkanda wa kifuani uliokatwa kwenye tairi. Chini yake manyoya yalikuwa yameisha, ngozi imechubuka mpaka nyama nyekundu inaonekana, na nzi wametanda. "Kijana wangu, huyu ana kidonda," akasema. Kijana akainama, akatazama. "Kumbe, shosho." Akaangusha kiboko na kuanza kushusha mitungi. Hakuwa mtu mbaya. Kuna neno alilopewa na kila mtu aliyemtangulia katika kazi ile, na neno lile lilikuwa limemtosha, hakuona haja ya kutazama chini ya mkanda.

Sasa niende kwenye jambo kubwa. Mwaka 2012 Kenya ilimhesabu punda kuwa mnyama anayeweza kuchinjwa kwa nyama. Punda mwenyewe hakubadilika chochote siku ile. Kilichobadilika ni maandishi. Kuanzia 2016 machinjio yakafunguliwa, hatimaye yakawa manne yenye leseni: Naivasha, Mogotio, Machakos na Lodwar. Ngozi ndiyo iliyotafutwa hasa, kwa sababu huchemshwa ikatoa ejiao, dawa ya asili yenye soko kubwa Uchina. Wezi wakaanza kuingia maboma ya watu usiku, na asubuhi mwenye punda anakuta mzoga uliochunwa. Sensa ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Mwaka huohuo wa 2019 watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, walionya kwamba kwa kasi ile punda wangeweza kumalizika kufikia 2023. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, akapiga marufuku biashara hiyo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku yake.

Kumbuka jinsi tulivyobishana miaka ile. Waliotaka machinjio walizungumza habari za ajira, mapato na fedha za kigeni. Waliopinga, wengi wao akina mama waliorudia kubeba maji kwa mgongo baada ya kuibiwa, walizungumza habari za karo, za mboga zisizofika sokoni, za kipato kilichokatika. Wote walikuwa na haki ya kusema waliyosema, na machozi ya wale akina mama yalikuwa ya kweli. Lakini kwa pande zote mbili punda alikuwa mali: huku mali ya kuuza, huku mali ya kubebea. Mashirika ya ustawi wa wanyama yalieleza mateso ya safari ndefu bila maji, wanyama wakisongamana kwenye malori, na bado habari hiyo ilibaki pembezoni. Kwa nini ishangaze? Katika lugha tuliyoizoea, punda kufa kwa ajili ya mzigo si msiba. Ni mfano wa bidii, na viongozi huutumia kwenye mikutano wakitaka tupige makofi.

Wapo watakaoniuliza: mbona mbuzi humlilii? Swali hili ni la haki na wanaharakati wengi hulikwepa. Wakenya wengi walichukizwa na machinjio ya punda kwa sababu punda si chakula chao, si kwa sababu ya uchungu wa punda. Mbuzi anayefungwa miguu na kulazwa nyuma ya pikipiki, kichwa kinaning'inia karibu na mnyororo, tunamwita kitoweo angali analia. Ukishamwita kitoweo akiwa hai, kilio chake unakisikia kama kelele ya safari. Wanaoacha nyama, maziwa na mayai kabisa wanalijua hili vizuri, na wengi wetu tunawafukuza haraka kwa kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Sidhani ni ya Wazungu. Sarufi yetu humpa mnyama upatanisho uleule wa binadamu: mtoto analia, mbuzi analia. (Nairobi siku hizi utasikia "mbuzi hii", na mimi husikitika, wala si kwa ajili ya sarufi tu.)

Na si sarufi pekee. Ni kweli Surat Luqman inataja sauti ya punda kuwa mbaya kuliko zote, na watu hukimbilia hapo. Lakini aya ile inamfunza binadamu kushusha sauti, haikumpa fimbo. Surat Al-An'am inasema wanyama na ndege ni umma kama sisi. Katika kitabu cha Hesabu, punda wa Balaamu anafunguliwa kinywa, na jambo la kwanza analouliza ni amekosa nini hata apigwe mara tatu. Sheria za nchi nazo zimeshafika huko: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na ya Kenya inakataza kumpiga kikatili na kumbebesha kupita kiasi.

Kodi zikipanda, Wakenya husema punda amechoka, na kila mtu anaelewa papo hapo. Basi uchovu wa punda tunaujua vizuri sana. Tumekuwa tukiutumia kueleza wetu. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Miaka hiyo haitatosha kitu kwa punda anayevuta mitungi Limuru iwapo shuleni bado anafundishwa kama mfano wa ujinga. Ombi langu ni kwa walimu wa Kiswahili: mkifika kwenye "punda afe, mzigo ufike", msiishie kwenye maana ya juhudi. Waulizeni wanafunzi mzigo ni wa nani, na ni nani aliyeitunga methali hiyo, aliyeubeba au aliyeupakia.