Mdomo Wangu Hauna Leseni

Jamani, mimi nilisema sentensi mbili tu. Nilimwambia shemeji, "Kuna mtu anatafuta nyumba." Nikamwambia huyo mtu, "Shemeji yangu anauza nyumba." Wakakutana, wakapatana, wakatia saini. Na mimi huku nilishapiga hesabu ya udalali wangu, kichwani nimeshabadilisha mapazia na kochi.

Naenda kwa shemeji kuchukua changu. Ananikazia macho: "Leseni yako ya udalali iko wapi?"

Shemeji huyu! Mtu aliyeendesha pikipiki mpaka ikachakaa bila leseni, leo anazijua sheria. Akatoa simu, akaanza kunisomea kama hakimu: mtu akimtafutia mwenzake mnunuzi au akimjadilia bei, na anatarajia malipo, hiyo ni kazi ya dalali aliyesajiliwa. Nikamwambia mimi sikujadili bei, nilimwambia tu yule mnunuzi "ongeza kidogo." Eti hiyo ndiyo kujadili.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: ningefanya bure, hakuna ambaye angeniuliza. Nyumba ingekuwa yangu, ningeiuza mwenyewe mpaka sauti ikauke, na leseni nisiombwe. Kumbe mdomo hauna kosa. Kosa liko kwenye mkono, pale unaponyooka kupokea.

Nikakesha nikisoma, nikidhani nitapata pa kujifichia. Uingereza nikafarijika: sheria yao ya madalali ya 1979 haimdai mtu leseni, ila akiharibu anaweza kupigwa marufuku. Nikasema hawa ndio watu wangu. Nikavuka kwenda Marekani, nikakuta kila jimbo lina leseni yake, na majimbo mengi ukienda mahakamani kudai udalali huku huna leseni, unarudi mikono mitupu. Hata kama kazi uliifanya. Hata kama aliyeuza na aliyenunua wote wamesimama wanakushuhudia. Nikazima simu nikalala.

Sasa wenye leseni nao nimewaona. Niliwahi kwenda kutazama nyumba, ofisi ikamtuma msaidizi aje na funguo. Akafungua mlango vizuri tu. Nikauliza, "Bei gani?" Akatazama dari. "Inapungua?" Akatazama sakafu. Akaninong'oneza kwamba yeye hana leseni, kazi yake ni mlango, bei ataisema bosi. Nikamuuliza bomba la jikoni linavuja au halivuji, naye akalitazama lile bomba kwa huruma, likatona tone moja, sote wawili tukanyamaza.

Nilimcheka siku hiyo. Leo ninamheshimu, kwa sababu baada yake nilipitia mikononi mwa mwingine, yule mwenye miwani, kadi za jina zenye maandishi ya dhahabu, na simu mbili zinazolia kwa zamu. Huyo alijibu kila kitu. Mpaka nisivyouliza alijibu. Dalali wa halali hutakiwa kuweka amana ya mteja kwenye akaunti ya peke yake, isichanganyike na fedha zake. Bwana huyu akaunti yake ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali. Amana yangu iliingia pale mbele ya macho yangu, ikakaliwa, na sijaiona tena.

Nikaenda kushtaki kwa wanaosimamia madalali. Wakaniuliza namba yake ya usajili. Wakatafuta jina, halimo. Wakaniambia kwa upole kwamba hawawezi kumfutia leseni mtu asiye nayo, niende polisi. Yaani aliyesajiliwa akiteleza anafutwa, na ambaye hakusajiliwa hana cha kufutwa! Nilitoka pale kichwa kinagonga.

Nikamsimulia mke wangu yote, la shemeji na la yule wa miwani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe huyo wa miwani ulimwuliza leseni?"

Nilimwuliza kama kuna sehemu ya kuegesha gari. Gari lenyewe sina.

Jana nikarudi kwa shemeji na ujanja mpya. Nikamwambia basi tusiite udalali, tuite zawadi. Shemeji akacheka, akasema zawadi inayotolewa kwa sababu nyumba imeuzwa ni malipo yaliyovaa nguo nyingine. Ila alinionea huruma, usiku akanitumia ujumbe: "Ahsante sana shemeji, Mungu akuzidishie."

Nimeuhifadhi. Nimehakikisha mara mbili, huo naruhusiwa kuupokea.